Pezi zima si cheti cha kuzaliwa

"Naishi Sacramento. Vuli hii mimi na binti yangu tulijitolea kwenye kikosi kinachotembea kando ya mto kuhesabu mizoga ya samoni aina ya chinook waliokufa baada ya kutaga. Kwa siku zetu zote tulikagua mizoga 200. Kati ya hiyo, 40 haikuwa na lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, na vichwa vyake vilikatwa vikatiwa mifukoni. Ile 160 iliyobaki ilikuwa na pezi. Nikafurahi: wanane kati ya kumi ni samaki wa asili! Lakini mratibu wetu akatuambia kwamba mto ule unaishi kwa samaki wa vituo vya kutotolesha vifaranga. Mwenzetu mwingine anasema yeye huwatambua kwa umbo la mkia na rangi ya nyama. Nani mkweli? Na kwa nini wasikate mapezi ya samaki wote wa vituoni, ubishi ukaisha?"

Ndugu yangu, mratibu wenu yuko karibu na ukweli kuliko wewe na huyo mwenzenu. Lakini usijilaumu. Kosa ulilofanya hulifanya karibu kila mtu siku zake za kwanza mtoni, maana kwa haraka linaonekana kuwa hesabu safi: asiye na pezi ametoka kituoni, basi mwenye pezi hakutoka huko. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili haifuati hata kidogo.

Pezi hilo huitwa pezi la mafuta. Ni kinyama laini kisicho na miiba, na samoni anaweza kuishi maisha yake yote bila hilo. Anayelikosa tangu kuzaliwa ni nadra sana. Kituoni hukatwa samaki akiwa na urefu wa kidole, na likikatwa sawasawa halioti tena. Likikatwa juujuu hubaki au huota kishina, na kishina hicho kimewagombanisha wavuvi na walinzi wa mito mara nyingi kuliko ungependa kujua. Kwa hiyo pezi lililokatwa ni ushahidi mzuri: samaki huyu alipita mikononi mwa binadamu. Pezi zima ni ukimya tu, na uzito wa ukimya huo unategemea jambo ambalo halionekani kwenye mzoga wowote, yaani kituo kilikata samaki wangapi kati ya wote kilioachilia.

Kwenye vituo vingi vya Washington na Oregon, chinook na coho (aina nyingine ya samoni) wanaolelewa kwa ajili ya kuvuliwa hukatwa karibu wote. Huko, samaki mwenye pezi ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa asili. Bonde la Kati la California, yaani huko kwenu Sacramento, lina utaratibu mwingine. Tangu 2007, chinook wa kundi la vuli (makundi huitwa kwa majira wanayorudi mtoni), ambao ndio wengi kupita wote, hukatwa angalau robo, na hao waliokatwa huingizwa kijiwaya chenye namba puani. Robo tatu huachiliwa na mapezi yao kamili. Wakirudi baada ya miaka miwili, mitatu au minne, hakuna jicho litakalowatenganisha na samaki aliyeanguliwa kwenye changarawe.

Sasa rudia hesabu yako. Ikiwa mizoga 40 iliyokatwa ni robo ya samaki wote wa vituoni waliolala pale, basi wa vituoni ni 160 na wa asili ni 40. Jibu limegeuka juu chini, na wala hujahesabu mzoga mmoja zaidi.

Lakini usikimbie na hilo nalo, kwa sababu kuzidisha kwa nne ni kwa kundi la vuli tu. Chinook wa kundi la majira ya kuchipua wa kituo cha mto Feather hukatwa wote, na wale wa kundi la majira ya baridi kutoka kituo cha Livingston Stone vilevile. Tuseme vile vichwa 40 vikifika maabara vinasomeka hivi: 30 ni vya kundi la vuli, 10 ni vya kundi linalokatwa lote. Thelathini unazidisha kwa nne, unapata 120. Kumi unaacha kama walivyo. Wa vituoni wanakuwa 130, wa asili 70. Mizoga ileile 200 imetoa majibu matatu: asilimia 80 wa asili ukiangalia pezi peke yake, asilimia 20 ukizidisha kwa pupa, na asilimia 35 ukisoma waya. Hii ndiyo sababu vile vichwa vilitiwa mifukoni kwa uangalifu, huku miili ikiachwa irutubishe mto.

Na hata hiyo 35 isikuleweshe. Imejengwa juu ya waya 30, na bahati peke yake ingeweza kukuletea waya chache au nyingi kidogo. Ukipiga hesabu ya bahati hiyo, wale 120 wa kundi la vuli wangeweza kuwa 80 hivi au 160 hivi. Mto mmoja, sehemu moja, msimu mmoja: unapata picha yenye ukungu. Ndiyo maana kazi yenu ya kujitolea ina thamani ikirudiwa mwaka hadi mwaka, wala si kwa sababu ya siku moja ya matokeo ya kufurahisha.

Nije kwa mwenzenu wa mikia na nyama. Simkejeli, maana kuna chembe ya ukweli nyuma ya anachosema. Samaki anayekulia kwenye birika la saruji lenye msongamano husugua mapezi ukutani, hung'atwa na wenzake, na siku ya kuachiliwa unaweza kukuta pezi la mgongoni limelika na ncha za mkia zimeviringika. Lakini akishapita miaka miwili au mitatu baharini, mengi ya hayo huwa yamepona. Na mkia wa jike aliyetoka kuchimba kiota kwenye mawe huwa umelika mpaka weupe unaonekana, azaliwe kituoni au mtoni. Ukimhukumu kwa mkia huo unahukumu kazi aliyofanya wiki iliyopita.

Rangi ya nyama haisaidii kabisa hapa. Wekundu wa samoni unatokana na rangi iliyomo kwenye viumbe wadogo wanaoliwa baharini, na samoni wa kituoni na wa asili wanakula bahari moja. Wakati wa kutaga rangi hiyo huhamia kwenye mayai na ngozi, hivyo nyama ya mzoga hupauka kwa wote. Nadhani mwenzenu anachanganya samaki wa kituo na samaki wa kufugwa. Wa kufugwa hukaa kwenye vizimba maisha yake yote na rangi yake hutoka kwenye chakula anachomwagiwa. Wa kituo huanguliwa na kulelewa miezi kadhaa, kisha huachiliwa aende baharini ajitafutie. Ndiyo maana pia samaki anayeuzwa kama aliyevuliwa baharini anaweza kabisa kuwa alianguliwa kwenye trei la kituo. Maneno hayo yanaeleza alikovuliwa. Alikozaliwa hayagusi.

Kuna swali lingine hapa ambalo hukuuliza, lakini litakujia. Ikiwa baba na mama wote walitoka kituoni, wakataga mtoni, mtoto wao ni nani? Kwa wasimamizi wa uvuvi, huyo ni wa asili. Kipimo ni mahali alipoanguliwa, ukoo hauhesabiwi. Wengine huona hilo ni mchezo wa maneno. Mimi naona lina maana, kwa sababu linajibu swali tunalotaka kujua: je, mto huu unaweza kujilisha wenyewe?

Basi tunawatambuaje? Kijiwaya ndicho chombo kikongwe kinachoaminika zaidi. Kilibuniwa miaka ya 1960, na kina urefu wa milimita 1.1 na unene wa robo ya milimita. Huchomwa kwenye gegedu la pua, na namba zake husomwa kwa darubini baada ya samaki kufa. Hapo mwanzo pezi lililokatwa lilikuwa na maana moja tu: kichwa hiki kina waya, kilete. Kisha kuanzia miaka ya 1990 Washington ikaanza kukata samaki wote ili mvuvi aweze kuwatambua kwa macho, na alama moja ikajikuta ina maana mbili. Ikabidi watu wa sampuli wapewe vigunduzi vya umeme vya kupitisha kwenye pua ya kila samaki, kwa sababu sasa wengi waliokatwa hawana waya, na wengine wenye waya hawajakatwa. Kwenye Bonde la Kati mambo bado ni mepesi kwa kundi la vuli, ambako kukatwa na waya huenda pamoja.

Waya ndio unaotuambia pia samaki alikotoka, na hapo utashangaa. Kichwa mlichookota kwenye mto mmoja kinaweza kuwa cha kituo cha mto mwingine kabisa. Samoni mchanga hujifunza harufu ya maji hatua kwa hatua anaposhuka kuelekea baharini, na akikua huifuata harufu hiyo kurudi. Kwa miaka mingi vituo vya California vimekuwa vikiwabeba samaki wachanga kwa malori hadi karibu na ghuba ya San Francisco ili kuwaepusha na pampu zinazovuta maji ya mto, maji yaliyopata joto na samaki walao wenzao. Wengi zaidi huokoka hivyo. Lakini aliyesafiri kwa lori ameruka kurasa nzima za kitabu cha harufu, na akirudi hupotea njia kwa urahisi, akapanda mto wowote wenye maji baridi. Kwa hiyo mto usio na kituo unaweza kujaa samaki wa vituo.

Chombo cha pili ni vijiwe vya sikio. Kila samaki ana vijiwe kichwani vinavyokua kwa tabaka, tabaka moja kwa siku, kama pete za mti zilizoharakishwa. Alaska wamelitumia jambo hili kwa werevu mkubwa. Vituo vya Prince William Sound huachilia mamia ya mamilioni ya samoni wa pinki kila mwaka, wakiwa wadogo mno na wengi mno kukatwa pezi. Basi wakati mayai yangali kwenye trei, mafundi hupandisha na kushusha joto la maji kwa ratiba maalumu. Kila badiliko huacha mstari mweusi kwenye kijiwe, na kila kituo kina mpangilio wake wa mistari. Samaki wote wa kituo wanapata alama bila kuguswa. Ubaya wake: huwezi kuiona mpaka umuue samaki, umpasue kichwa, usugue kijiwe hadi kiwe chembamba kama karatasi.

Hata asiyewekewa alama ameandikwa ndani ya kijiwe. Samaki wa kituo hupewa chakula kwa saa, hivyo tabaka zake za mwanzo huwa pana na zilizolingana, na siku alipoanza kulishwa huonekana kama mkunjo wazi. Wa mtoni hula akipata, na tabaka zake zinapishapisha. Kemia nayo inasaidia. Chakula cha vituo hutengenezwa kwa unga wa samaki wa baharini, na salfa ya bahari ina uwiano wa isotopu tofauti na wadudu wa mtoni. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliotumia umbo la tabaka hizo kwa chinook waliovuliwa baharini pwani ya kati ya California. Ulikadiria kwamba wa asili walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Nakutajia hilo ili uone mratibu wenu hakuwa anakukatisha tamaa kwa kupenda.

Chombo cha tatu ni DNA, na hapa kuna dhana potofu nyingine. Watu hudhani kuna jeni ya ukituo ambayo maabara inaitafuta. Hakuna. Chinook wa vuli wa Bonde la Kati wamechanganyikana kwa vizazi vingi, kiasi kwamba wa kituoni na wa mtoni wanafanana kijenetiki. Kinachofanyika ni kuchukua kipande cha pezi cha kila mzazi anayetumika kituoni na kuhifadhi DNA yake. Miaka baadaye, samaki yeyote akipimwa, kompyuta huuliza: je, baba na mama yako wamo kwenye daftari? Wakiwamo, ni wa kituo, na tunajua kipi na mwaka gani. Bonde la mto Snake limekuwa likifanya hivyo kwa chinook na steelhead (trauti aendaye baharini) tangu 2008. Ni njia nzuri sana: watoto wote wanakuwa na alama kwa gharama ya kupima wazazi tu, na samaki hahitaji kufa. Lakini aliyepotea njia kutoka kituo kisicho na daftari ataonekana wa asili. Na mvuvi aliye ndani ya mashua hawezi kungoja maabara ndipo aamue kama anamrudisha samaki majini.

Hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho, kukata wote. Mimi mwenyewe naegemea upande wa kuweka alama kwa samaki wote wa vituo kwa njia moja au nyingine, ila nisikufiche kwamba mambo si mepesi.

Faida yake kubwa ni uvuvi wa kuchagua: aliyekatwa unamchukua, mwenye pezi unamrudisha. Ndivyo inavyofanyika kwa sehemu kubwa ya Washington na Oregon. California haiwezi kufanya hivyo kwa kundi la vuli, maana mvuvi angekuwa anarudisha majini robo tatu ya samaki wa vituo. Matokeo yake ni kwamba mambo yakiharibika inabidi kufunga kwa wote. Mwaka 2023 na 2024 uvuvi wa samoni wa kibiashara na wa burudani kwenye bahari ya California ulifungwa, samaki wa kituo na wa asili pamoja.

Lakini kumrudisha samaki si sawa na kutomshika. Baadhi ya wanaorudishwa hufa kwa jeraha la ndoana au uchovu, na pale ambapo wa asili ni wengi kuliko waliokatwa, mvuvi atashika na kuachia wengi kabla ya kupata mmoja wa kwenda naye nyumbani. Chombo cha kuvulia nacho kina neno. Jarife humnasa samaki kwenye matamvua, na kumtoa akiwa mzima ni kazi. Juya au wando humzingira tu. Huko mto Columbia ya chini wamerudi kujaribu wando, mtego ambao Washington iliupiga marufuku kwa kura ya wananchi mwaka 1934, kwa sababu ndani yake samaki huendelea kuogelea mpaka achambuliwe mmoja mmoja. Binafsi nimependa kuona chombo cha kale kikirudi kwa kazi mpya.

Tena si kila kituo kinataka samaki wake wavuliwe. Kabila la Nez Perce, Wamarekani wa asili, kwa mfano, huachilia baadhi ya chinook wa vuli wa mto Snake bila kuwakata kwa makusudi, ili wapite salama mikononi mwa wavuvi wa kuchagua, wafike juu na kutaga. Kuna pia gharama: vituo vya Bonde la Kati hulenga kuzalisha zaidi ya milioni 30 wa kundi la vuli kwa mwaka. Zipo trela zinazowapima samaki, kuwakata na kuwachoma waya bila mkono wa mtu, lakini hata hizo zinahitaji wiki nyingi na fedha za kila mwaka.

Huenda ukauliza, kwa nini tujisumbue yote haya, ikiwa samaki wapo mtoni? Kwa sababu wingi unaficha. Kituo huokoa sehemu kubwa ya mayai yake hadi kuachiliwa, wakati kwenye changarawe wengi hupotea. Kiwango cha uvuvi ambacho kituo hukistahimili bila kutikisika kinaweza kuwamaliza wa asili waliochanganyika nao, na hutaona mto ukipungukiwa. Halafu kuna suala la uzazi. Utafiti wa steelhead wa mto Hood, Oregon, uliochapishwa pia 2007, ulionyesha kwamba uwezo wa kuzaa mtoni ulishuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Birika humchagua samaki anayefaa birikani. Si kila spishi na kila kituo kitatoa namba hiyo, lakini mwelekeo huo umeonekana mahali pengi, na ndio unaofanya wasimamizi waweke kikomo cha uwiano wa samaki wa vituo kwenye maeneo ya kutagia. Bila kujua uwiano, kikomo hicho ni maandishi tu.

Hata sheria imekwama hapo. Mwaka 2001 jaji wa shirikisho Michael Hogan aliamua kwamba serikali haiwezi kuwaweka coho wa asili wa pwani ya Oregon peke yao chini ya ulinzi wakati yenyewe imewahesabu wa vituoni katika kundi lilelile. Mwaka 2005 ikatoka sera mpya: wa vituoni wanaweza kuhesabiwa ndani ya kundi, lakini hali ya kundi inapimwa kwa uwezo wa samaki wa asili kujiendeleza wenyewe.

Sasa, la kufanya wewe na binti yako. Mzoga ukiwa umeoza kiasi kwamba huwezi kuapa kama pezi lilikuwepo, andika "haijulikani". Msikisie. Mzoga mmoja uliokisiwa kuwa na pezi ni kosa dogo, ishirini ni kosa linalosafiri hadi kwenye ripoti. Usipasue kichwa mwenyewe kutafuta waya. Waya ukipotea, samaki yule hana tena cha kutuambia. Usimguse samaki aliye hai wala kukanyaga changarawe iliyosafishwa na kuinuka, maana ndicho kiota, na kwenye baadhi ya mito hiyo kuna makundi yanayolindwa na sheria ya shirikisho. Mbwa abaki nyumbani: samoni mbichi wa kaskazini mwa California anaweza kumwua mbwa kwa ugonjwa wa bakteria wanaobebwa na minyoo vimelea.

Ukivua mwenyewe na huna hakika kama pezi limekatwa au limelika, mrudishe samaki, kisha nenda na picha kwenye ofisi ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Kanuni hubadilika kwa mto na kwa mwezi, na mimi siwezi kukusomea za mto wako kutoka hapa. Kwa ile mizoga 200, mwombe mratibu akukutanishe na mwanabiolojia wa mto huo na umwulize mambo mawili: waya za vile vichwa 40 zilitoka vituo gani, na kila kundi lilikatwa kwa kiwango gani. Uwe na subira, kusoma waya zote za msimu huchukua miezi. Majibu yakija, nenda na kalamu, maana kuzidisha utaweza kufanya mwenyewe.